Walilala kwenye nyasi bila kukohoa: barua ya wazi kwa wanaotunga somo la Historia na Maadili

Waheshimiwa mnaotunga mitaala, mnaoandika vitabu vya kiada na miongozo ya kusahihishia, nanyi mnaotunza maeneo ya kumbukumbu katika Nyanda za Juu Kusini,

Kamwene.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nimefundisha miaka 31, mingi Iringa na michache Mbeya, na sasa nalima mahindi na miparachichi kadhaa inayonisumbua kuliko wanafunzi walivyonisumbua. Siwaandikii habari za kiinua mgongo. Hizo zina barua yake. Nawaandikia kwa ajili ya alama mbili nilizomnyima mtoto wa darasa la sita, miaka mingi imepita, na sikuwa na haki ya kumnyima.

Ulikuwa mtihani wa kujipima. Swali lilisema: "Taja sababu mbili zilizowawezesha Wahehe kuwashinda Wajerumani katika vita vya Lugalo." Mwongozo ulikuwa na majibu matatu, mtoto achague mawili: ushujaa, umoja, uongozi bora. Karibu darasa zima lilijaza hayo, maana ndiyo niliyowakaririsha. Mmoja akaandika, kwa mwandiko wake uliolala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo: "1. Walilala kwenye nyasi bila kukohoa. 2. Mjerumani alikuwa anawadharau." Nilicheka. Nikamwonyesha mwenzangu tuliyekuwa tukisahihisha naye meza moja, naye akacheka. Kisha nikachukua kalamu nyekundu nikaweka kosa mara mbili, kwa sababu mwongozo ni mwongozo.

Mtoto yule ndiye peke yake darasani, mimi nikiwemo, aliyekuwa ameelewa kilichotokea Lugalo.

Lugalo iko mashariki ya mji wa Iringa, kwenye barabara ya Morogoro. Abiria wa mabasi ya Mbeya hupita pale wamelala, vichwa vikigonga vioo. Agosti 17, 1891, Emil von Zelewski, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika koloni lao, ambaye watu walikuwa wamempa jina la Nyundo, alikuwa akipita pale na askari zaidi ya 300, wapagazi wao, mizinga na bombomu, kama wazee walivyoiita bunduki ya rasharasha. Njiani alikuwa amechoma vijiji. Aliwaona Wahehe kuwa ni watu wa mikuki na ngao tu, kwa hiyo akaenda kama mtu anayekwenda gulioni: msafara mmoja mrefu, mtu nyuma ya mtu, kwenye njia nyembamba yenye vichaka na mawe huku na huku. Ndani ya vichaka hivyo walikuwemo watu wapatao 3,000. Ishara ilipotolewa, waliinuka kwa pamoja. Askari wengi hawakuwahi kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili. Wazungu wapatao kumi walikufa, Zelewski akiwemo, pamoja na askari zaidi ya 200. Masimulizi ya Kihehe yanasema aliyemchoma Nyundo mkuki alikuwa kijana mdogo.

Sasa, anayekaa Iringa anaujua mwezi wa nane. Asubuhi baridi inauma masikio, upepo unazoa vumbi, nyasi zimekauka hadi zinalia kama karatasi ukizikanyaga, na kila nyumba ina mtu anayekohoa. Weka watu elfu tatu katika nyasi hizo, tangu kabla ya jua kuchomoza, wakimsikia adui aliyechoma nyumba za ndugu zao akipita hatua chache kutoka puani mwao. Hakuna anayeinuka wala anayekimbia. Hakuna anayesema "mimi nimeshindwa kuvumilia" akarusha mkuki wake peke yake.

Ushujaa ungewainua mapema. Ninyi mlioandika mwongozo mnalijua hilo mkifikiri kidogo: kijana shujaa, mwenye hasira na mkuki mkononi, ndiye wa kwanza kuharibu mtego. Kilichowashikilia chini ni kitu kingine ambacho hakimo kwenye majibu matatu. Ni mazoea ya kutii ishara, na imani kwamba aliyelala kushoto kwako hatakimbia na aliyelala kulia hatakutangulia. Imani hiyo haitolewi kwa hotuba ya asubuhi moja. Ilijengwa kwa zaidi ya kizazi kimoja.

Munyigumba, baba yake Mkwawa aliyewatawala Wahehe wakati wa Lugalo, aliunganisha vijitawala vingi vidogo vya nchi hii katikati ya karne ya 19. Watu waliotekwa hawakubaki nje ya uzio. Vijana wao waliingia jeshini, wakawa Wahehe. Na jeshi lenyewe halikubuniwa kutoka hewani. Wangoni walipofika kutoka kusini, wakiwa na desturi za vikosi walizozibeba tangu nchi ya Wazulu, na Wasangu walipokuwa na nguvu katika bonde lao, Wahehe waliwatazama adui zao hao wakachukua walichokiona kinafaa. Huyu mtu unayempiga leo, jana ulikuwa mwanafunzi wake. Nimewahi kukaa na wazee wa Kihehe wanaokubali kila jambo isipokuwa hilo, lakini ukiwaongezea kikombe cha ulanzi wanalikubali nalo.

Halafu kuna habari za wapelelezi. Hapa mjini tunalo jiwe la Gangilonga, jiwe linaloongea, na kila mtoto wa Iringa anajua kwamba Mkwawa alikuwa akipanda pale kutafakari, na jiwe likamwambia Wajerumani wanakuja. Watoto wanalipenda, na mimi sina ugomvi nalo. Jua likizama ukiwa juu yake mji wote uko miguuni pako. Ila ninaamini waliomwambia walikuwa vijana wenye miguu, waliofuata msafara siku kwa siku wakihesabu bunduki, na walioporudi na habari mbaya hawakukatwa vichwa kwa kuileta. Mtawala mkali vile, ambaye watu wake walimwogopa kweli, bado alihitaji kuambiwa ukweli. Hilo nalo ni suala la maadili. Nchi ngapi zimeshindwa vita kwa sababu mkubwa alikuwa anaambiwa anachopenda kusikia?

Jibu la pili la yule mtoto lilikuwa zuri kuliko la kwanza. Jeshi la Zelewski halikuwa la wahuni. Lilikuwa na urithi wa Prussia, nchi iliyopigwa vibaya na Napoleon huko Jena mwaka 1806, ikakaa chini, ikajiuliza imekosea wapi, ikabadilisha namna ya kuwafundisha maofisa wake, hadi ofisa mdogo akatakiwa kuona hali iliyoko mbele yake na kuamua bila kusubiri kuandikiwa. Kwa miongo mingi Ulaya iliwaogopa kwa hilo. Urithi huo ukafika Uhehe ukaweka macho mfukoni. Mtu aliyefundishwa kuona hali ilivyo, akiamini kwamba wa mbele yake si mtu kamili, haoni tena. Na waliolipia upofu huo hawakuwa Wajerumani tu. Wengi waliokufa Lugalo walikuwa askari Waafrika, wakiwemo Wasudani na watu waliotolewa Msumbiji. Wajerumani walijenga mnara pale kwa ajili ya maofisa wao. Nimesimama nao mara nyingi na wanafunzi, na kila mara nimejikuta nawaeleza watoto kuhusu Wazungu kumi kwa muda mrefu kuliko watu weusi 200.

Kama somo lingeishia hapo, pengine nisingeandika. Lakini somo letu linaruka. Linatoka Lugalo 1891 na kutua Mlambalasi 1898, alipofia Mkwawa, kana kwamba katikati hapakuwa na kitu. Katikati kuna Kalenga.

Oktoba 30, 1894, miaka mitatu tu baada ya Lugalo, Wajerumani chini ya von Schele waliivunja ngome ya Kalenga. Wahehe walikuwa walewale, mtawala yuleyule, ushujaa uleule. Kama ulibadilika basi uliongezeka, kwa sababu walikuwa wameonja ushindi. Wakashindwa. Mwongozo wa kusahihishia unaosema walishinda kwa ushujaa utasemaje kuhusu Kalenga, kwamba ushujaa uliisha kama chumvi ndani?

Mtu akienda Kalenga leo, kilometa chache kutoka mjini kwa barabara ya Ruaha, ataona nyumba ndogo ya kumbukumbu na fuvu la Mkwawa ndani ya kioo. Kuhusu ukuta hataona kitu cha kumshangaza. Lakini ukuta ule wa mawe ulikuwa fahari ya nchi. Jina lenyewe la Iringa watu hulieleza kuwa limetokana na lilinga, ngome. Dhidi ya Wangoni ukuta kama ule ulikuwa akili. Dhidi ya mizinga ulikuwa sahani ya kuwakusanyia watu. Waliomshinda Mjerumani kwa kumngoja mahali asipowaona, sasa walimngoja mahali ambapo hata kipofu angewaona. Na Wajerumani, kwa upande wao, walikuwa wamefanya baada ya Lugalo kile walichofanya baada ya Jena. Sehemu ya silaha zilizotekwa kwa Zelewski zilikutwa humo ndani, pamoja na shehena ya baruti. Kuteka mzinga ni jambo moja, na kuwa na watu waliofunzwa kuutumia ni jingine kabisa, na desturi iliyomlea kijana ajivunie mkuki haikuwa imepata muda wa kumlea ajivunie kulenga mzinga.

Darasani nilikuwa nikifika Kalenga nasema "Wajerumani walikuwa na silaha bora", kengele inalia, tunatoka. Ni kweli, walikuwa nazo. Walikuwa nazo Lugalo pia.

Mkwawa alitoroka, na miaka minne iliyofuata ndiyo, kwa maoni yangu, inayostahili sura nzima ya kitabu. Kichwa chake kiliwekewa zawadi ya rupia 5,000. Wajerumani walimweka mdogo wake, Mpangile, atawale badala yake, kisha wakamshuku na kumuua mwaka 1897. Walichoma vyakula, wakaadhibu vijiji. Na bado watu walimlisha na kumficha mtu ambaye hakuwa tena na jeshi, wala ng'ombe wa kugawa, wala ngome. Ukitaka kumwonyesha mtoto thamani inavyofanya kazi pale bunduki zinapokwisha, mpeleke hapo, kwa mama aliyeweka ugali nje ya nyumba usiku bila kuuliza ni wa nani. Katika vitabu nilivyofundishia sikumwona mama huyo hata mstari mmoja.

Nina ombi lingine linalohusu majirani, na hili linanigusa vibaya.

Nilipokuwa nafundisha upande wa Mbeya niliwaleta watoto Kalenga, wengi wao wa kutoka Usangu. Safari ndefu, watoto wametapika kwenye basi, wamefika wamechoka, lakini fuvu liliwaamsha. Mtembezaji aliongea vizuri sana. Alipomaliza, binti mmoja akanivuta shati: "Mwalimu, sisi tulikuwa wapi?" Nikamjibu kwamba sote tulikuwa Watanzania tukipigana na mkoloni. Alinitazama kama mtoto anavyomtazama mtu mzima anayemdanganya, akaenda kununua karanga.

Mwaka 1891 hapakuwa na Mtanzania hata mmoja. Palikuwa na Wasangu wa chifu Merere, ambao Wahehe waliwafukuza kwenye bonde lao wakaishi uhamishoni upande wa Usafwa. Ndiyo maana mpaka leo kuna Utengule mbili, ya Usangu na ya karibu na Mbalizi. Kwao Mjerumani alikuwa njia ya kurudi nyumbani, nao wakasimama naye, na wakarudi. Yule binti babu zake hawakuwa wasaliti. Walikuwa watu walioporwa ng'ombe na ardhi na jirani mwenye jeshi zuri. Desturi ileile ya kuvamia iliyoleta mali, heshima na vijana wapya ndani ya jeshi la Mkwawa ilikuwa pia inapanda maadui kuuzunguka mpaka wote, na adui mkubwa alipotokea, hao walikuwepo tayari wakisubiri.

Na gurudumu lilizunguka. Mwaka 1905 Maji Maji ilipolipuka kusini na kupanda mpaka Ubena na Ungoni, Wahehe hawakuingia. Baadhi yao walitembea na kapteni wa Kijerumani wa Iringa, Nigmann, kwenda kuikomboa boma la Mahenge. Miaka saba tu tangu Mkwawa afe! Nilipokuwa mdogo nilisoma kwamba Watanganyika wote wa kusini walisimama kama mtu mmoja. Mtoto wa Songea, ambako Februari 27, 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa, akija kusoma Iringa na kusikia hivyo, anajua mwalimu ameruka ukurasa.

Kuhusu yale maji yenyewe, naomba tuache kuyachekesha darasani. Nimewahi kufanya hivyo: nikawauliza watoto nani anataka tumjaribu kwa risasi, wakacheka, nikajiona mjuzi. Maji hayakuzuia bombomu Mahenge tarehe 30 Agosti 1905, na watu waliyakimbilia mauti wakiwa wameyaamini. Lakini niambieni ni kitu gani kingine kingewaweka pamoja Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro na Wangoni, watu wasio na mfalme mmoja wala lugha moja, katika muda wa miezi michache? Imani ilifanya kazi ambayo hakuna chifu angeiweza, ikashindwa kazi ambayo haikuwa yake. Mtoto wa darasa la sita anaweza kushika mawazo yote mawili kwa pamoja. Ni sisi tunaoogopa. Baada ya vita ikaja njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na makadirio ya waliokufa yanatoka 75,000 hadi 300,000.

Hivi leo Mngoni akifiwa, mtani wake Mhehe anaweza kulala njia akazuia jeneza lisitoke mpaka apewe kitu, na hakuna anayekasirika. Utani huo umezaliwa na vita vya miaka ya 1878 hadi 1882, walipopigana mpaka wakachoka, wakapatana. Wazee wetu walijua namna ya kuihifadhi vita bila kuifuta. Sisi wenye vitabu tumeshindwa.

Niruhusuni niingize habari za nyumbani. Babu yangu alikuwa keya, askari wa jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki (KAR). Alipelekwa Burma wakati wa vita vya Hitler, na mwaka 1944 kikosi chao cha Afrika Mashariki kilishuka bonde la Kabaw kikiwafuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Imphal. Jioni, akiwa ameketi kwenye kigoda chake, alikuwa anasimulia jambo moja tu, tena na tena. Kwamba Wajapani walikuwa wanaume kweli kweli, hawakujua kusalimu amri, na kwamba aliwakuta wengi wamekufa wameegemea miti, hawana jeraha lolote. Njaa na kuhara. "Walifundishwa kufa," alikuwa anasema, "hawakufundishwa kubeba mchele." Majenerali wao waliwapeleka kuishambulia Imphal wakiwa na chakula cha wiki chache tu, wakiamini moyo wa askari utajaza pengo. Nilikuja kusoma hayo vitabuni baadaye sana, nikakuta babu alikuwa ameyafupisha vizuri.

Linganisheni na Wavietnam huko Dien Bien Phu mwaka 1954. Walisukuma baiskeli zilizobeba mizigo mizito kupita misituni, maelfu ya watu, miezi kadhaa, na Wafaransa wakasalimu amri Mei 7. Nao walikuwa na moyo, ila moyo wao ulikuwa na matairi. Wiki sita baada ya hapo, Juni 19, Gavana Twining alilikabidhi fuvu la Mkwawa kwa mjukuu wake, Chifu Adam Sapi, hapa Kalenga. Ni fuvu ambalo mkataba wa Versailles wa 1919 uliagiza lirudishwe ndani ya miezi sita, likachukua miaka 35. Kama ni lenyewe kweli, maana lilichaguliwa kwa vipimo miongoni mwa mafuvu mengi yaliyokuwa Bremen. Lakini hapo mtembezaji ataniomba ninyamaze.

Na jeshi letu lenyewe? Kambi ile ya Dar es Salaam inayoitwa Lugalo zamani iliitwa Colito, kwa jina la mahali huko Ethiopia ambako keya walipigana na Waitaliano mwaka 1941. Ilikuwa Colito maasi yalipoanza Januari 20, 1964, na serikali ikalazimika kuwaita makomandoo wa Kiingereza kuwanyang'anya silaha askari wetu wenyewe. JWTZ likaundwa upya Septemba mwaka huohuo, na kambi ikapewa jina la kutoka kwetu. Naliona jambo hilo kuwa kubwa. Kuna watu walikaa wakafikiri kwamba jeshi linarithi pia majina, na kwamba askari anayelala Lugalo hatakuwa sawa na anayelala Colito. Miaka kumi na minne baadaye Idi Amin alipoingia Kagera, jeshi lililokwenda lilijazwa na wanamgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza, huku vijijini watu wakitoa ng'ombe na mahindi. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Kisha tukaambiwa tufunge mkanda miezi 18, na sisi tuliokuwa wadogo wakati ule tunakumbuka foleni za sabuni kuliko tunavyokumbuka gwaride. Sura ya Kagera ikiandikwa tena, nawaomba foleni ya sabuni iwemo.

Jambo moja zito kabla sijafika kwenye maombi. Vitabu vyetu vinamsifu Mkwawa kwa kujipiga risasi Mlambalasi, Julai 19, 1898, badala ya kukamatwa. Namheshimu, na najua alivyokuwa amezingirwa, mgonjwa, bila njia. Lakini nimefundisha katika wilaya ambazo nimezika vijana waliokatisha maisha yao wenyewe, na nimesikia msibani mtu mzima akisema kwa sauti ya utani kwamba ndio damu ya Mkwawa hiyo. Hiyo siyo damu, ni kitabu, tena kitabu kibovu. Ikiwa somo sasa linaitwa Historia ya Tanzania na Maadili, sentensi hiyo iandikwe upya na mtu anayejua kwamba darasani kuna mtoto ambaye wiki ile nyumbani kwao hakuna amani. Mkwawa alikuwa mkubwa kwa miaka minne aliyoishi porini akilindwa na watu wake. Tuwafundishe hiyo miaka.

Ninachoomba hakihitaji bajeti kubwa. Mwongozo wa kusahihishia umruhusu mwalimu kutoa alama kwa jibu lenye akili hata kama halimo. Kalenga 1894 ipewe nafasi sawa na Lugalo 1891. Pale Kalenga pawekwe kibao kimoja, kwa Kiswahili kinachosomeka, kinachosema Wasangu, Wabena na Wangoni walikuwa wapi na kwa nini. Na watembezaji wa Kalenga wakutane hata mara moja na wenzao wa Makumbusho ya Maji Maji Songea, wasikilizane. Lugalo pawekwe neno kwa ajili ya askari na wapagazi waliokufa bila jina. Na wazee wa Utengule warekodiwe sasa, si baada ya kikao kijacho. Wa mwisho niliyemfahamu mimi alizikwa mwaka juzi na masimulizi yake yote.

Na mkitaka, njooni Lugalo Agosti, saa kumi na moja alfajiri. Vaeni makoti. Tutalala kwenye nyasi nusu saa tu, bila kukohoa, halafu mkaandike mwongozo.

Yule mtoto sasa ni baba wa watoto wawili, anaendesha bajaji Kihesa. Nikipanda yake hataki nauli. "Mwalimu," anasema akiwasha injini, "wewe lete alama zangu mbili."

Mwalimu mstaafu,
Iringa